Marudio kama Mbinu ya Utunzi: Uhakiki wa Muziki wa Erik Satie katika Filamu Bubu ya Entr'acte

Uhakiki huu unahusu muziki ambao Erik Satie aliitungia filamu fupi ya Entr'acte, iliyoongozwa na René Clair kutokana na wazo la mchoraji Francis Picabia. Filamu hiyo ilioneshwa kwa mara ya kwanza mjini Paris, Desemba 1924, katika ukumbi wa Théâtre des Champs-Élysées, sehemu yake kubwa ikiwekwa kati ya matendo mawili ya baleti ya Relâche. Okestra iliongozwa na Roger Désormière. Swali linalojadiliwa ni iwapo marudio yaliyoujaa muziki huo ni dalili ya mtunzi kutoijali picha, au ni mbinu.

Wanaoshikilia dai la kwanza wana hoja. Satie mwenyewe alikwisha kutunga vipande alivyoviita muziki wa fanicha, ambavyo havikukusudiwa kusikilizwa kwa makini. Hata hivyo, dai hilo linapuuza mazingira ya utendaji. Wakati huo kasi ya projekta haikuwa thabiti, na okestra ililazimika kuifuata picha ambayo haikuweza kuisubiri. Camille Saint-Saëns, alipoitungia muziki filamu ya L'Assassinat du duc de Guise mwaka 1908, aliandika utangulizi na sehemu tano zinazofuata maonesho ya filamu. Njia hiyo ilifaa kwa sababu kila onesho lilikuwa refu na kamera ilitulia mahali pamoja. Clair hukata picha upesi mno. Muziki wenye mwanzo, kilele na hitimisho ungeachwa nyuma.

Satie aliandika vijipande vifupi, vingi vikiwa vya vipimo vinane, ambavyo vyaweza kurudiwa hadi picha inayofuata ifike. Vichwa vilivyoandikwa katika nota humwonesha kiongozi wa okestra tukio analopaswa kulisubiri. Kwa maneno mengine, urefu wa kazi hukamilishwa ukumbini.

Ubora wa mbinu hii hudhihirika zaidi katika mazishi. Gari la jeneza linavutwa na ngamia, nao waombolezaji wanarukaruka nyuma yake kwa mwendo uliopunguzwa kasi. Satie anaweka hapo maandamano mazito yanayodhihaki yale ya mazishi ya Chopin. Muziki haucheki; unashikilia huzuni yake huku miguu ikielea hewani, na kichekesho kinazaliwa katika pengo hilo. Gari linapochomoka na kukimbia peke yake, vijipande vile vile vya kurudiwarudiwa vinazidisha taharuki, kwani sikio linangoja badiliko ambalo jicho limekwisha kulipata. Kwa upande mwingine, katika picha za mwanzo za paa na mabomba ya moshi, marudio yanachosha, na sioni sababu ya kuyatetea.

Tatizo kubwa zaidi kwa mtafiti linatokana na toleo la sauti lililotayarishwa mwaka 1967, ambapo Henri Sauguet aliongoza muziki huo ukarekodiwa pamoja na picha. Satie alikuwa amefariki mwaka 1925. Wengi leo huihakiki kazi hii kwa kutegemea toleo hilo, wakidhani kwamba idadi ya marudio wanayoisikia ni uamuzi wa mtunzi, ilhali ni uamuzi wa kiongozi mmoja wa okestra katika utendaji mmoja.