Kiima Kiko Wapi? Nadharia za Sarufi ya Kiingereza Mbele ya Mwanafunzi wa Kibaha

Jina la Maili Moja, mji ulio kando ya barabara iendayo Morogoro kutoka Dar es Salaam, katika Kibaha, ni somo fupi la sintaksia. Neno lake la kwanza limetoka katika Kiingereza, lakini mpango wake ni wa Kiswahili: nomino hutangulia na hesabu hufuata. Mwingereza hupanga kinyume. Basi neno lilikopwa, utaratibu wake haukukopwa. Lugha huazimana maneno kama majirani waazimanavyo chumvi, lakini kila moja hupika kwa desturi ya jiko lake. Mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akaingia sekondari ambako Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia, halemewi na uhaba wa maneno peke yake; hulemewa na utaratibu. Kwa hiyo yeyote amtambulishaye kwa sintaksia ya Kiingereza ana deni kubwa, na ni haki deni hilo lipimwe.

Nadharia ya kwanza ilirithiwa kutoka Kilatini. William Bullokar alipochapisha sarufi ya kwanza ya Kiingereza mwaka 1586, alifuata kigezo cha sarufi ya Kilatini. Katika Kilatini mwisho wa nomino huonyesha nani ametenda na nani ametendwa, hata maneno yakihamishwa. Kiingereza kimepoteza karibu miisho hiyo yote. Nafasi ya neno ndiyo iliyobaki kuwa hakimu. Kiswahili kimesimama katikati. Mtu aweza kusema “Kisu kimemkata mtoto”, au “Mtoto, kisu kimemkata”, na maana isiharibike, kwa kuwa ki na m katika kitenzi hulinda kila jambo mahali pake. Mwingereza akibadilishana nafasi za mtoto na kisu bila kuongeza neno, mtoto ndiye atakayekuwa amekikata kisu. Sarufi ya mapokeo ilimfundisha mwanafunzi kuyapa maneno majina, nomino, kitenzi, kivumishi, nalo ni jambo jema. Lakini haikumwonya vya kutosha kwamba katika Kiingereza mahali pa neno ni sehemu ya maana yake. Amjuaye askari kwa jina bila kujua zamu yake hajajua lindo.

Mwanachuoni wa pili astahiliye kutajwa ni Otto Jespersen wa Denmark, nchi ambayo baadaye ilikuwa miongoni mwa nchi za Ulaya ya Kaskazini zilizoanzisha mradi wa elimu wa Kibaha mwaka 1963, uliokabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970. Kiingereza hakikuwa lugha ya mama yake. Labda ndiyo sababu alikitazama kwa jicho kali. Katika kitabu chake cha falsafa ya sarufi cha mwaka 1924 alitenga miungano ya namna mbili: ule unaotaja kitu pamoja na sifa yake, na ule unaotoa habari. Tofauti hiyo Mswahili huifahamu mara moja. “Mvua kubwa” ni kitu kilichotajwa, na msikilizaji bado anangoja. “Mvua ni kubwa” ni habari iliyotimia. Vivyo hivyo “basi linalofika” na “basi linafika”: silabi moja tu, lo, imegeuza habari kuwa sifa. Mwanafunzi akifunzwa tofauti hiyo kwanza kwa lugha yake, sentensi ndefu za Kiingereza zitamfungukia, kwa maana atajua wapi habari inatolewa na wapi kitu kinatajwa tu.

Nadharia ya tatu ni ya Noam Chomsky wa Marekani, iliyotokea mwaka 1957. Yeye aliuliza ni kanuni gani chache ziwezazo kuzaa sentensi zisizo na idadi. Kanuni yake mashuhuri, kwamba sentensi ni kundi nomino na kundi tenzi, imeingia hata katika ufundishaji wa Kiswahili, na wanafunzi huchora matawi yake ubaoni. Sifa yake ni kuonyesha kwamba sentensi si mstari wa shanga bali ni mti. Lakini mti uliopandwa kwa mbegu ya Kiingereza haumei sawasawa katika kila udongo.

Hebu ichukuliwe sentensi hii: “Maili Moja pamejengwa soko.” Kiima kiko wapi? Kitenzi kimepatana na mahali, si na soko. Mwingereza angesema soko limejengwa Maili Moja, na soko lingekuwa kiima bila ubishi. Miundo ya namna hii si jambo dogo. Joan Bresnan na Jonni Kanerva waliichunguza katika Kichewa, lugha ya Malawi iliyo ndugu ya Kiswahili, na uchunguzi wao wa mwaka 1989 ukawa hoja nzito katika mjadala wa nadharia za sintaksia. Kabla yake, mwaka 1987, Bresnan na Sam Mchombo walionyesha kuwa kiambishi cha kiima katika Kichewa chaweza kuwa alama ya upatanisho, na chaweza pia kusimama kama kiwakilishi. Ndiyo kusema lugha za Kibantu hazikungoja kuhukumiwa na nadharia. Nazo zimezihukumu nadharia.

Hapo ndipo lilipo kosa la utambulisho wa kawaida. Mwanafunzi anapoandika “The bus it has come”, hupigiwa mstari mwekundu na huonekana mzembe. Kumbe ametii sheria: li ya “basi limekuja” ameitafutia mwenzake. Na anapoandika “Is raining”, ametii sheria ile ile, kwa kuwa “inanyesha” haihitaji neno mbele yake, hali Kiingereza hudai kiima hata pasipo mtendaji wa kutajwa. Makosa mawili yanayoonekana kupingana, moja la kuzidisha na moja la kupunguza, yana mzizi mmoja: Kiswahili huweka kiima ndani ya kitenzi, na Kiingereza hukiweka nje. Mwalimu asiyelijua hilo atasahihisha kila sentensi peke yake, mwaka hadi mwaka. Alijuaye atasahihisha mzizi mara moja.

Nadharia zote tatu zina manufaa: ya kwanza hutoa majina, ya pili hutoa maana, ya tatu hutoa umbo. Lakini hakuna hata moja itakayomfaa kijana wa Kibaha ikiwa itaanza kana kwamba amekuja darasani bila sarufi yoyote. Sarufi anayo, tena kamili, tangu utotoni. Daraja la kwenda ng’ambo hujengwa kuanzia ukingo aliosimama msafiri.