Vita Katika Vitabu vya Picha: Tatizo la Uteuzi

Miongoni mwa wateuzi wa vitabu vya watoto imezoeleka kauli kwamba vita si jambo la kuonyeshwa mtoto. Kauli hiyo yamhusu mtoto ambaye hakuviona. Huko Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992 katika Turkana, mwalimu husimama mbele ya wanafunzi ambao wengine wamekwisha kuviona. Swali lake ni jingine: ni kitabu gani kisichowadanganya?

Tuchukue viwili. Cha kwanza ni *Hiroshima no Pika* cha Toshi Maruki, kilichotoka Japani mwaka 1980. Mii, msichana wa miaka saba, anakula kiamshakinywa na wazazi wake asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945 bomu la atomiki linapolipuka. Mama ambeba baba mgongoni, wakakimbilia mtoni. Miili katika picha hizo i uchi, imerundikana. Msanii, aliyefika Hiroshima siku chache baada ya bomu, hakutaka kuipamba. Hata hivyo kinachomshika msomaji ni jambo dogo: vijiti vya kulia chakula, ambavyo Mii angali amevishika siku kadhaa baadaye, hata mama hana budi kumkunjua vidole kimoja kimoja. Hapo mtoto aelewa hofu bila kuhutubiwa.

(Mfasiri wa Kiswahili atakutana na kichekesho kichungu: "pika" ya Kijapani ni tanakali ya mwanga wa ghafla, na kwetu ni amri ya jikoni. "Mmweko" ni sahihi, ila umepoa.)

Cha pili ni *Brothers in Hope* cha Mary Williams, chenye michoro ya R. Gregory Christie, cha mwaka 2005. Garang, mwenye miaka minane, yuko na ndama kijiji chake cha kusini mwa Sudani kinaposhambuliwa. Anaungana na maelfu ya wavulana waendao kwa miguu hadi Ethiopia, kisha Kenya. Ubora wa kitabu u katika malezi: wavulana wakubwa wawatunza wadogo, na mamlaka hayo ya ndugu mkubwa hayahitaji kuelezwa kwa msomaji wetu. Vichwa vikubwa juu ya miili myembamba, ndiyo mtindo wa Christie, vyasema njaa kuliko maneno.

Kasoro yake ni mwisho. Hadithi yaelekea Marekani, nayo safari hiyo ilikuwa kweli kwa maelfu. Lakini wakaazi wengi wa Kakuma hawakuipata. Mtoto aliyebaki kambini ajisomeje hapo? Kama mtu aliyeachwa nje ya tamati? Maruki hakumpa Mii njia ya kutokea. Mtoto huyo hakui tena, na kila mwaka huelea taa mtoni kwa ajili ya wafu.

Kwa hiyo nachagua cha Maruki, kwa sharti moja: kisisomwe na mtoto peke yake, wala kisishikwe na mwalimu ambaye hajakisoma mwenyewe hadi ukurasa wa mwisho.