Walioshika Majembe Kigutu Waandikwe

Wanaoandika historia ya mashirika ya kupambana na umaskini wanastahili pongezi, kwa kuwa ndio wanaotuonyesha kazi ilifanywa na nani hasa. Tuitazame Kigutu, nchini Burundi, milimani juu ya mwambao wa Rumonge, kusini mwa tarafa ya Muhuta. Kituo cha afya cha shirika la Village Health Works kilifunguliwa huko mwaka 2007. Mwaka 2009 mwandishi wa Marekani, Tracy Kidder, alichapisha kitabu kuhusu mwanzilishi wa kituo hicho, Deogratias Niyizonkiza, aliyeikimbia Burundi wakati wa vita. Bila maandishi, mgeni angedhani kituo kilijengwa kwa fedha za wafadhili peke yake. Kumbukumbu zinasema vingine: wanakijiji walitoa ardhi, kisha wakashika majembe na kuchimba barabara bila malipo.

Wapo watakaosema kwamba fedha ya wino ingenunua dawa, na kwamba historia za namna hii huishia kumsifu mwanzilishi. Hoja ya kwanza ni nyepesi, maana shirika lisilokumbuka lilipokosea hulipia kosa lile lile mara mbili. Ya pili ina uzito, kwani kitabu cha Kidder kinamfuata zaidi mtu mmoja. Hata hivyo, tiba yake ni kuandika zaidi: majina ya waliochimba, mihtasari ya vikao, ushuhuda wa wauguzi. Na hayo yote yaandikwe kwa Kirundi na kwa Kiswahili cha mwambaoni, ili mvuvi wa Muhuta naye ayasome, ayapime na kuyakosoa.