Kitabu Kipi Kije Kwanza?

Msomaji, ukitaka kujifunza kuandika programu za kompyuta na kupanga hifadhidata, usichague kitabu kwa sifa yake tu. Tazama kimeandikiwa nani.

The C Programming Language cha Brian Kernighan na Dennis Ritchie kilitoka mwaka 1978. Ni kitabu chembamba, chenye maneno machache na mifano safi. Programu yake ya kwanza huandika salamu tu, nawe huyaona mara moja matunda ya kazi yako. Lakini kilikusudiwa mtu aliyekwisha kuionja kazi hiyo. Mwanagenzi asiye na mwalimu hukwama njiani.

Database Design for Mere Mortals cha Michael Hernandez ni kirefu, na pengine hurudia mambo hata kuchosha. Ila humshika mwanagenzi mkono. Humfunza kuwahoji watakaoitumia hifadhidata, na kuhakikisha kila jedwali laeleza jambo moja. Faida yake ni kubwa. Katika daftari la maktaba, ukiandika bweni la mwanafunzi kila aazimapo kitabu, siku akihama utasahihisha mahali pengi, na ukisahau pamoja daftari litasema uongo. Heri jina na bweni viwe katika jedwali moja, vitabu vilivyoazimwa katika jingine, na namba ya mwanafunzi iyaunganishe.

Mpango ukiwa mbovu, ufundi wa kuandika programu hauuponyi. Basi anza na Hernandez. Kisha, ukiwa na mwalimu karibu, uwaendee Kernighan na Ritchie.