Tawasifu ya Tippu Tip na Kazi ya Mkutubi

Tawasifu ya Tippu Tip ni miongoni mwa matini za mwanzo za nathari ya Kiswahili. Heinrich Brode aliichapisha mjini Berlin mnamo 1902–1903, pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Sehemu yake muhimu inahusu Maniema: Kasongo, Nyangwe, pembe za ndovu na vita. Lakini yote hayo yanatazamwa kwa jicho la mfanyabiashara, na wale waliotekwa hawapewi nafasi ya kusema.

Hapa ndipo kazi ya mkutubi inapogusana na uhakiki. Akiiorodhesha chini ya “Zanzibar” tu, mwanafunzi wa Punia atafutaye historia ya jimbo lake hataiona. Akiiorodhesha chini ya “Maniema” peke yake, mwanafunzi huyo huenda akadhani kauli ya mshindi ndiyo kauli ya wazee wake. Athari hiyo si ndogo, kwani hata Kiswahili anachokisomea kilifika kwao kwa misafara ile ile.

Inafaa basi kadi zote mbili ziwepo, na kando ya kitabu yahifadhiwe masimulizi ya Wakumu na Warega, ili msomaji aweze kulinganisha.