Tazama Mguu wa Jiwe

Wiki iliyopita nilisimama katika ukumbi wa hoteli moja hapa Kolwezi, nikinyamaza kwa adabu, huku wageni wanne wakipiga picha tangi la samaki. Lita mia nne hivi, taa ya buluu, na katikati mlima wa malakiti iliyong'arishwa, jiwe juu ya jiwe, si chini ya kilo sabini. "Hii kazi ya fundi mkubwa!" akasema mmoja wao. Mimi nilikuwa nimeshapiga magoti kutazama chini. Nikainuka, nikaagiza kahawa, nikaenda kuinywa kwenye meza iliyo mbali na kile kioo.

Watu hutazama samaki, kisha taa, kisha rangi. Wanaojitia ujuzi huuliza unene wa kioo. Utaambiwa milimita kumi, au kumi na mbili, na kichwa kitatikiswa kwa heshima. Unene ni jambo la duka. Ukiwa na pesa unaupata. Tangi la mawe mazito huhukumiwa pale jiwe linapoishia.

Mzee aliyenifundisha alikuwa fundi vioo katika karakana za Gécamines, na matangi aliyafanya jioni, kwa mapenzi. Akialikwa kutazama tangi la mtu, hakusema neno kabla ya kulala kifudifudi sakafuni na tochi yake ndogo. Hukumu zake zilikuwa mbili tu. "Hili lina mguu." Au: "Hili limepanda mchanga, papa." Ukisikia ya pili, ulijua Jumapili yako imekwisha: maji yatatolewa, samaki watahamia kwenye ndoo, kazi itaanza upya.

Mwanagenzi humwaga mchanga kwanza. Anaona ni kama godoro, jiwe litalala vizuri. Na kweli, siku ya kwanza linalala vizuri, linapigwa picha. Lakini samaki wa Ziwa Tanganyika si mapambo. Dume la frontosa wa pwani ya Moba, anayefika sentimita 30, huchimba pango lake mwenyewe. Wale wadogo wanaokaa kwenye makombe ya konokono huhamisha mchanga kwa mdomo, funda baada ya funda, mchana kutwa. Mchanga ulio chini ya jiwe unaondoka bila mwenye nyumba kujua. Jiwe linashuka upande mmoja, linainama, na asubuhi moja kona yake inagonga kioo cha mbele.

Hata samaki wasipochimba, punje ya kokoto iliyobanwa kati ya jiwe na sakafu inatosha. Piga hesabu. Maji yenye kina cha sentimita 50 hukandamiza sakafu ya kioo kwa gramu 50 tu katika kila sentimita ya mraba. Jiwe la kilo kumi likisimama kwa ncha moja yenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, pale pale linakandamiza kwa kilo nzima nzima, zaidi ya mara mia. Kioo hustahimili uzito uliotandazwa. Ncha ndiyo inayokiua.

Kwa hiyo jiwe huanza, mchanga hufuata. Chini utatandika kile kitandiko kigumu cha plastiki chenye vijidirisha, kilekile kinachofunika taa za dari za maofisini. Jiwe unaligeuza mpaka upate kitako chake, unalisukuma kwa kiganja. Likitikisika, bado hujakipata. Ndipo mchanga unamwagwa pembeni. Kazi nzuri utaijua kwa macho: mchanga unapanda kwenye jiwe, na jiwe linatoka mchangani kama mlima unavyotoka ardhini. Kazi mbaya, jiwe limekaa juu ya mchanga kama sufuria juu ya meza. Ukiwa na shaka, fukua kwa kijiko kando ya jiwe kubwa kuliko yote. Ukifika kwenye plastiki na jiwe limeigusa, inuka, mpe fundi mkono.

Frigoliti, lile povu jeupe gumu la kufungashia vitu, ndani ya tangi sipendi. Najua wengi wanaitumia, na inafanya kazi mpaka siku inapofukuliwa. Ikipata upenyo huelea, na vipunje vyake huzagaa kwenye maji. Mahali pake ni nje, chini ya tangi lisilo na fremu. Niliwahi pia kumwona mjanja mmoja aliyetandika kipande cha mkanda wa mpira wa kubebea mawe mgodini. Imara kweli. Alisahau tu mkanda ule ulibeba nini miaka yote ile. Konokono wake hawakumaliza wiki.

Na hapo ndipo tunafika kwenye malakiti. Kwa kioo ni jiwe pole: ugumu wake hauzidi 4, wa kioo ni 5 na nusu hivi, haliwezi kukikwaruza. Lakini zaidi ya nusu ya uzito wake ni shaba, na shaba ndani ya maji huua konokono na kamba kwanza, kisha samaki wanaanza kuhema juujuu. Watetezi wake husema maji ya Tanganyika si ya asidi, kwa hiyo jiwe haliyeyuki upesi. Upesi, sawa. Mabaki ya chakula yakioza chini ya jiwe yanatoa asidi yake, polepole vilevile. Juu ya hayo ni zito: likiwa sawa kwa ukubwa na jiwe la mtoni, malakiti hulishinda kwa karibu mara moja na nusu. Nilimkuta tapeli mmoja akiuza malakiti ya saruji iliyopakwa rangi ya kijani. Nilicheka, lakini samaki wake walikuwa salama kuliko wa hoteli.

Jiwe la tangi ni kwazaiti ya Nzilo. Sina hoja nyingine zaidi ya macho yangu. Ya kijivu, iliyolainishwa na mto Lualaba, idadi isiyogawanyika kwa mbili, na ilazwe kama ilivyolala mtoni. Haina sumu, ila ni ngumu kuliko kioo, kwa hiyo haikokotwi. Hushushwa kwa mikono miwili. Mzee alitia kwanza maji ya kina cha kiganja, kwa sababu jiwe la kilo kumi majini huwa kama la kilo sita, na mkono ukiteleza pigo ni dogo. Silikoni ya kuunganishia vioo alitaka ile inayonuka siki, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, na iwe angavu. Nyeusi, alisema, ni ya kuficha mkono mbaya. Nakubaliana naye.

Zamani tulitoka mjini alfajiri kwenda Nzilo, tukarudi jioni na mawe matano, mara nyingine matatu. Siku hizi wanashusha lori zima na kuanza kupanga hadi juu.

Nimepita tena hotelini jana. Jiwe la juu limeinama vidole viwili kuelekea kioo cha mbele, na wageni bado wanaliegemea tangi wakipiga picha.