Mkono Unaochora Ramani

Jicho husoma ramani kwa haraka mno. Hupita Namibia, likapita Zambia, likaridhika kwamba limeziona. Mkono hauna haraka hiyo. Mpe mtu penseli na karatasi tupu, mwambie aichore Namibia bila kuangalizia. Akifika pembe ya kaskazini-mashariki, penseli itasimama: mbona nchi hii imenyoosha ukanda mwembamba, wa kilomita zipatazo 450, kuuelekea Mto Zambezi?

Jibu limo katika mkataba wa mwaka 1890 baina ya Uingereza na Ujerumani. Wajerumani walitaka kuufikia Zambezi, wakitumaini kwamba mto huo ungewatoa Bahari ya Hindi, ilhali mbele yao yalikuwapo maporomoko ya Mosi-oa-Tunya. Kwa mapatano hayohayo walipewa kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini, wakakubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Waingereza. Ukanda wa Namibia, kisiwa cha Ulaya na Unguja vilifungwa kwa sahihi zilezile. Aliyekariri miji mikuu yote ya dunia aweza asilijue hilo. Aliyeuchora ukanda ule lazima atauliza.

Ndiyo sababu naisifu kazi ya kuchora ramani kwa mkono. Ina utaratibu wake. Usianze na mipaka. Anza na ikweta. Ipitishe Gabon, Kongo zote mbili, Uganda, Kenya na Somalia. Ivushe bahari hadi Sumatra na Borneo, kisha Pasifiki hadi Ekwado, Kolombia na Brazili. Weka milima, kwa kuwa huko ndiko mito mingi inakoanzia. Fuatisha mito, kisha miji, kwa kuwa watu hufuata maji. Mipaka ije mwisho, kama ilivyokuja katika historia. Linganisha na atlasi, sahihisha, chora tena. Tena linganisha na tufe pia, maana katika makadirio ya ramani ya Mercator ya mwaka 1569 Greenland huonekana kubwa karibu sawa na Afrika, hali Afrika inaizidi takriban mara 14.

Mkono haukumbuki tu, hugundua pia. Katika miaka ya 1950, huko New York, Marie Tharp alichora sakafu ya Bahari ya Atlantiki kwa vipimo vya kina vilivyoletwa na meli ambazo yeye, kwa kuwa mwanamke, hakuruhusiwa kuzipanda. Mstari kwa mstari, katikati ya safu ya milima iliyozama, lilijitokeza bonde la ufa. Mwenzake Bruce Heezen hakuliamini mwanzoni. Vitovu vya matetemeko ya ardhi vilipopangwa kwenye ramani, vilifuata bonde lilelile. Ugunduzi huo uliwasaidia wanasayansi kukubali kwamba mabara husogea.

Kazi hii ya kuchora kwa mkono haidai ada wala mitambo. Inadai subira, nayo hulipa kila siku taarifa ya habari inaposomwa. Aliyewahi kuuchora mlango-bahari wa Bab el Mandeb, akasikia kwamba meli zinaukwepa na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, hahitaji kuelezwa kwa nini shehena ya Ulaya imechelewa Mombasa. Anaijua njia, kwa sababu aliipita kwa penseli.